Mbegu za nyasi za asili kwa kilo: aina nne, na ipi ianze shambani

Anayenunua kilo ya mbegu za mahindi hupata kilo ya punje. Anayenunua kilo ya mbegu za nyasi hupata manyoya, makapi, vipande vya mabua, vumbi, na katikati ya hayo yote punje kiasi. Mizani haitofautishi. Ndiyo maana kilo mbili za bei moja, kutoka kwa wauzaji wawili wa soko moja, zinaweza kupishana mara mbili au tatu kwa idadi ya miche itakayosimama shambani.

Tunazipima hapa aina nne zinazouzwa zaidi katika maeneo kame ya Kenya, kuanzia Makueni, Kitui na Kajiado hadi Baringo. Ya kwanza ni Cenchrus ciliaris, ambayo Wakamba huiita ndata kivumbu. Ya pili ni Eragrostis superba, mbeetua. Ya tatu ni Enteropogon macrostachyus, nguu, na ya nne ni Chloris roxburghiana. Zote ni nyasi za kudumu na zote ni za huku huku. Hupatikana katika kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, pale Kiboko, na kwa vikundi vya wakulima na wafugaji. Maduka ya pembejeo huwa nazo mara moja moja; mengi ukiuliza mbegu za nyasi yatakupa Boma Rhodes, ambayo ni nyasi nzuri kwa Kitale ilikotoka na popote penye mvua ya kutosha. Kwenye mchanga wa Makindu ni hadithi nyingine.

Mnunuzi tunayemlenga ni yule anayetaka kuotesha ili avune mbegu na aziuze. Huyu asiguse mfuko wa mchanganyiko. Wauzaji wengi huchanganya aina tatu au nne kwenye mfuko mmoja, na kwa kufufua malisho yaliyobaki kipara hilo ni jambo jema, kwa sababu kila aina hushika sehemu yake ya udongo. Kwenye shamba la mbegu ni balaa. Aina moja hupukutika wakati nyingine bado inachanua, mavuno yanatoka mchanganyiko, na hakuna ungo utakaotenganisha manyoya ya Cenchrus na ya Chloris baada ya hapo. Nunua kila aina peke yake, na zipandwe kwenye vitalu vyenye njia pana katikati.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio matatu. Mawili huchukua dakika tano. Kwanza, ingiza mkono hadi chini kabisa ya gunia. Mbegu iliyonyonyolewa kwa mkono kwenye suke ni nyepesi na kavu, na chini hakuna kitu. Ukikuta mchanga, vijiwe na vinyesi vya mbuzi, hiyo imefagiliwa ardhini baada ya kupukutika. Mbegu ya kufagia si lazima iwe mbovu, kwa kweli mara nyingi imekomaa vizuri kuliko ya kukatwa kwa mundu, lakini unalipia udongo, na udongo huo hubeba mbegu za magugu. Gugu la kuogopa kuliko yote ni gugu karoti, maana likishaingia kwenye kitalu utaling'oa miaka mingi. Anayenunua kutoka Baringo aangalie pia mbegu za mathenge (mti wa miiba, Prosopis), ambazo ni kubwa na huonekana kwa macho.

Pili, hesabu visuke mia moja, uvisugue kimoja kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada, na uhesabu vyenye punje ngumu ndani. Vilivyo vitupu hulainika na kusagika. Hili ndilo jaribio linalowaumbua wauzaji wengi, kwa sababu suke lililokatwa mapema linapendeza machoni na halina kitu.

Tatu, kama muuzaji ni wa karibu, chukua sampuli uende nayo nyumbani. Weka mbegu mia juu ya pamba au karatasi ya shashi iliyolowa, kwenye sahani, ufunike usiache ikauke, na uhesabu zilizoota kila baada ya siku chache hadi siku ya 14. Usichukue mia moja tu. Rudia mara nne uone wastani, kwa sababu gunia la nyasi halifanani juu na chini.

Sasa bei, ambayo hubadilika kwa msimu na kwa muuzaji. Tuchukue mfano wa hesabu, ambapo usafi ni sehemu ya uzito iliyo mbegu kweli, na uotaji ni sehemu ya mbegu hizo inayoota. Mfuko wa kwanza ni shilingi 1,000 kwa kilo, usafi asilimia 60, uotaji asilimia 30. Asilimia 30 ya 60 ni 18, yaani katika kilo hiyo umenunua gramu 180 za mbegu hai, na kilo ya mbegu hai imekugharimu kama shilingi 5,550. Mfuko wa pili ni shilingi 1,500, usafi asilimia 85, uotaji asilimia 50. Mbegu hai ni asilimia 42.5, na kilo yake hai ni kama shilingi 3,530. Mfuko wa "ghali" ndio wa bei nafuu. Muuzaji asiyeweza kukutajia tarakimu hizo mbili, mwombe mwezi wa kuvuna na mahali palipovunwa. Akikosa hata hizo, achana naye.

Mwezi wa kuvuna una uzito wa pekee kwa Cenchrus, na hapa ndipo wanunuzi wengi huilaani mbegu isiyo na kosa. Mbegu mbichi ya Cenchrus imelala. Ukiipanda mwezi mmoja au miwili baada ya kuvuna, itaota kidogo mno hata mvua ikiwa nzuri. Inahitaji kukaa ghalani miezi sita hadi kumi na miwili ndipo iamke. Kalenda ya Ukambani inaisaidia: mvua za vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, mbegu huvunwa Januari na Februari, na Oktoba inayofuata ina miezi minane au tisa. Tatizo ni mbegu ya masika, iliyovunwa Juni na kuuzwa Oktoba ile ile ikiwa na miezi minne. Nyingine katika mfuko huo itaota, nyingine itabaki udongoni hadi msimu ujao, na mkulima atakuwa ameshalima tena juu yake.

Cenchrus yenyewe, kama bidhaa, ndiyo yenye soko pana kuliko zote nne, na tungeipa nafasi ya kwanza kwa anayetaka kuuza. Kila punje, moja au mbili tatu pamoja, imekaa ndani ya kifuko cha manyoya makali. Manyoya hayo hufanya mbegu ishikane mabonge, isitiririke mkononi wala kwenye mashine ya kupandia, na ijaze gunia bila uzito: gunia linalobeba kilo 90 za mahindi halitafika hata robo ya uzito huo. Hesabu nauli kwa ukubwa wa mzigo, si kwa kilo. Wapo wanaouza punje zilizotolewa manyoya, na kwenye sahani ya majaribio huota haraka na kwa wingi. Tusingewashauri watu wa mvua tupu wazinunue. Kifuko kinachelewesha maji kufikia punje, hivyo mbegu haziamki zote siku moja. Mvua ya kwanza ikidanganya na kukatika siku kumi, punje tupu, yaani zilizotolewa manyoya, zilizoota zote hufa zote. Zile za kifuko huwa na ndugu zao bado chini. Punje tupu ni za mwenye maji ya kumwagilia.

Sifa nyingine ya Cenchrus inayompendelea mzalishaji ni kwamba sehemu kubwa ya mbegu zake hutengenezwa bila uchavushaji, hivyo mche hufanana na mama yake. Shamba la jirani halitaharibu aina yako kwa chavua. Kinachoharibu ni magunia yaliyochanganywa na mifagio ya uwanja wa kuanikia. Na kabla hujashawishiwa na pakiti ya kutoka ng'ambo, jua kwamba aina maarufu ya Australia iitwayo Biloela asili yake ni Dodoma. Imesafiri kwenda na inauzwa kurudi. Huko ilikopelekwa nyasi hii si rafiki wa wote. Katika jangwa la Sonora, Arizona, watu hujitolea kuing'oa kwa majembe kwa sababu huleta moto kati ya mimea isiyouzoea.

Udhaifu wake ni maji yaliyotuama. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaofurika, usiipande.

Mbeetua ni ya watu wavumilivu kwenye kusafisha. Kisuke chake ni bapa, kipana, na hudondoka kikiwa kizima na punje ndogo nyingi ndani, kwa hiyo kuna bidhaa mbili sokoni zenye jina moja: ya ganda na iliyopurwa. Uliza ni ipi kabla ya kulinganisha bei, kwa sababu kilo ya punje zilizopurwa ni zao la visuke vingi sana. Ya ganda huota polepole na kwa mafungu. Ukitaka kuipura mwenyewe, isugue kwa viganja juu ya wavu mgumu au iponde taratibu kwenye kinu kwa mipigo mepesi, kisha ichekeche kwa chujio la chai na upete. Punje zitapita, maganda yatabaki. Kuponda kwa nguvu huvunja kiinitete, na mbegu iliyovunjika haionekani kwa macho. Utaijua kwenye sahani tu. Shambani mbeetua hustahimili udongo wa kichanga uliochoka kuliko wenzake, na majani yake ni mengi, hivyo baada ya mbegu bado una nyasi kavu ya kufunga marobota.

Nguu ndiyo tungempa anayeanza. Mbegu yake ina uzito, hushikika, na huota mapema na kwa wingi kuliko zile nyingine tatu, bila kusubiri mwaka ghalani. Miche yake huonekana wazi kwenye mstari, na hilo si dogo kwa mtu ambaye bado hajajua kutofautisha mche wa nyasi aliyopanda na wa gugu. Porini hupenda kivuli cha vichaka, kwa hiyo shamba lenye migunga michache si hasara kwake. Lakini wema wake ndio hatari yake: inaamka yote kwa mvua ya kwanza. Ukipanda nguu, weka akiba ya theluthi moja ya mbegu kwa ajili ya kujazia, na usiipande hadi udongo uwe tayari kunasa kila tone.

Chloris roxburghiana inapendwa na ng'ombe kuliko inavyopendwa na wapandaji. Mbegu ni nyepesi kama vumbi lenye mikia, visuke vitupu ni vingi, na uotaji huwa wa chini hata kwa muuzaji mwaminifu. Nunua nusu kilo, uipe kona ya mchanga mwekundu, ujifunze nayo. Kuijazia ekari nzima mwaka wa kwanza ni kumwaga fedha.

Maelekezo yanayokuja na mifuko mingi ni mstari mmoja: "panda kilo 2 kwa ekari." Kipimo hicho, sawa na kilo 5 kwa hekta, ndicho kinachotumika sana na si kibaya, ila kinachukulia mbegu yenye uotaji wa kuridhisha. Jaribio lako likionyesha chini ya asilimia 20, panda kilo 4. Kwa uzalishaji wa mbegu panda kwa mistari, sentimita 75 kati ya mstari na mstari, ili uweze kupita kupalilia na kuvuna. Ekari moja kwa nafasi hiyo ina mistari yenye jumla ya mita 5,400 hivi, kwa hiyo kilo 2 ni gramu 37 kwa kila mita 100. Pima gramu hizo kwenye mizani ya jikoni, changanya na nusu kilo ya mchanga wenye unyevu kidogo ili manyoya yatulie, na usambaze mita 100 sawasawa. Anayemwaga kwa makisio humaliza mbegu kwenye robo ya kwanza ya shamba.

Mifereji ilimwe kwa plau ya ng'ombe kukata mteremko, iwe na kina cha sentimita 15 hadi 20. Kazi ya mfereji ni kukamata maji. Mbegu haikai chini yake. Ukiiweka kwenye sakafu ya mfereji, mvua kubwa ya kwanza itaifukia kwa tope na haitatoka. Iweke kwenye ubavu, juu kidogo ya sakafu, kisha buruta tawi la miiba juu yake. Udongo wa kufunika usizidi sentimita moja. Kufukia mno ndiko kunakoua mbegu nyingi za nyasi kuliko ukame, na ndiko kunakozaa lawama nyingi kwa wauzaji. Panda udongo ukiwa mkavu, wiki moja au mbili kabla ya mvua: mwanzoni mwa Oktoba Ukambani, na kabla ya mvua za Aprili Baringo. Ukipanda mapema zaidi ya hapo, sisimizi watahamisha mbegu hadi kwenye mashimo yao, na utaona vilima vidogo vya makapi milangoni mwao.

Uzio ni sehemu ya gharama ya mbegu, hata kama hauko kwenye risiti. Huko Baringo, ambako shirika la RAE limekuwa likirudisha nyasi kwenye ardhi iliyokufa tangu 1982, mashamba yaliyopona ni yale yaliyofungwa mifugo ikae nje. Msimu wa kwanza hakuna mnyama anayeingia. Ukitaka kujua kama nyasi imeshika, ivute kwa mkono: ikikatika jani, sawa, ikitoka na mizizi, ng'ombe ataitoa hivyo hivyo.

Palilia wiki ya tatu au ya nne, kwa mkono ndani ya mstari na kwa jembe katikati. Angalia viwavijeshi baada ya mvua nzuri kufuata kiangazi kirefu. Mwaka wa kwanza mavuno huwa haba, yasikukatishe tamaa. Kuanzia mwaka wa pili, kata kitalu kizima kwa urefu wa sentimita 10 hadi 15 kabla tu ya mvua, kisha weka samadi. Machipukizi yatatoka pamoja, masuke yatakomaa karibu pamoja, na hiyo ndiyo siri ya kuvuna punje badala ya makapi. Kitalu kisichokatwa hutoa masuke mabichi, yaliyoiva na yaliyopukutika kwenye shina moja.

Siku ya kuvuna Cenchrus hujulikana kwa vidole. Pitisha mkono kwenye suke kwa wepesi, kutoka chini kwenda juu. Mbegu zikigoma, ngoja. Zikiachia nusu bila kuvutwa, anza leo, kwa sababu kesho upepo utaanza kabla yako. Pukutisha ndani ya mfuko uliofungwa kiunoni, na urudi kila baada ya siku tatu hadi tano. Nguu na Chloris hukatwa masuke kwa mundu na kuanikwa. Kwa mvua tupu tarajia makumi ya kilo kwa ekari, si mamia. Muuzaji anayekuahidi mamia anakuuzia ndoto pamoja na mbegu.

Anika kivulini, tabaka jembamba juu ya turubai, ukigeuza mara mbili kwa siku hadi zisikike kavu mkononi. Kuacha rundo moja la masuke mabichi usiku kucha hupandisha joto ndani, na kiinitete hufa huku mbegu ikionekana nzuri kabisa. Hifadhi kwenye gunia la katani au mfuko wa kitambaa juu ya kichanja, mbali na ukuta. Mifuko ya plastiki ambayo baadhi ya wauzaji huitumia kwa sababu inang'aa dukani hufungia unyevu. Ukinunua kwenye hiyo, hamisha mbegu siku hiyo hiyo. Andika aina, mwezi na mahali kwenye karatasi mbili, moja nje ya gunia na moja ndani, kwa sababu ile ya nje panya huwa anaianza mapema. Kisha rudia jaribio la sahani mwezi wa sita na wa tisa; Cenchrus iliyokuwa na asilimia 10 Machi inaweza kukushangaza Septemba, na bei utakayoitaja kwa mnunuzi ni ya Septemba.